Kisu chako cha kwanza: anza na tupa kuukuu

Kisu changu cha kwanza nilikitengeneza kwa nondo iliyobaki tulipojenga ukuta. Nikakipiga tupa wiki mbili, kikang'aa. Nilipokata nyanya ya tatu makali yakalala. Nondo ya kawaida ina kaboni kidogo, haishiki ugumu hata uichome vipi. Kwa hiyo shughulikia chuma kwanza, umbo litafuata.

1. Tafuta chuma

Pita mtaa wa Gerezani hapa Dar, kwa wauza vyuma na spea, uliza tupa iliyokwisha meno. Springi ya gari nayo inafaa, ila ni nene na itakuchosha mkono. Kata kipande kidogo, kipashe hadi kiwe chekundu, kitumbukize majini, kibane kwenye jiliwa ukigonge nyundo. Kikivunjika kama kigae, kaboni ipo. Kikipinda, tafuta kingine. Chuma kilichopakwa zinki usikiweke motoni kabisa, moshi wake ni sumu.

2. Kilainishe

Tupa ngumu haikatiki kwa msumeno. Ipashe kwenye jiko la mkaa hadi iwe nyekundu, ifukie kwenye majivu makavu, uiache humo hadi asubuhi.

3. Toa umbo

Chora kwenye boksi kisu kidogo cha jikoni, ubapa wa sentimita 12 unatosha. Kata kwa msumeno wa chuma, malizia kwa tupa nzuri. Grenda inaharakisha, lakini anayeanza huharibu nayo zaidi. Vaa miwani na barakoa. Toboa matundu ya mpini kwenye msuka, yaani sehemu ya chuma inayoshikwa na mpini, sasa hivi, maana chuma kikishakuwa kigumu drili itateleza tu. Upande wa makali acha unene wa kama milimita 1. Ukiunyoosha mwembamba mapema, utapinda au kupasuka utakapokizamisha kisu kwenye mafuta katika hatua ya 4.

4. Kipe ugumu

Hapa ndipo kipande cha chuma kinapogeuka kisu, usiwe na haraka. Fanya kazi hii magharibi, kwa sababu jua la Dar linaficha rangi ya moto na utakichoma kupita kiasi bila kujua. Kaa nje, watoto mbali, ndoo ya mchanga karibu. Mafuta yakishika moto usiyamwagie maji.

Weka lita 2 za mafuta ya kula kwenye kopo refu la chuma, yapashe yawe ya moto kiasi, kama nyuzi 50. Mimi situmii oili chafu ya injini, moshi wake unakaba kifua. Pepea mkaa, geuzageuza kisu ili joto lienee sawa, na kila mara kiguse na sumaku. Chuma huacha kuvutwa na sumaku kwenye nyuzi 770 hivi. Sumaku ikikiachia, ongeza moto kidogo tu, kisha kizamishe wima, ncha ikitangulia. Kipeleke mbele na nyuma, kamwe usikipepesue kulia na kushoto, kitapinda. Maji yaache: changu cha pili nilikitia majini nikasikia "tii", ufa ukapita hadi msukani.

Kikipoa, pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, umefaulu.

5. Punguza ugumu

Wakati huu kikianguka kinaweza kuvunjika, kwa hiyo usikilaze hadi kesho. Kisugue kwa msasa king'ae, kitie kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa moja, kipoe, kisha rudia. Kikiwa na rangi ya majani makavu, kiko tayari.

6. Mpini na makali

Vipande vya mpingo utavipata kwa wachonga vinyago wa Mwenge, nami sijaona mti unaoushinda kwa mpini. Vumbi lake linawasha, barakoa irudi usoni. Bandika kwa gundi ya epoksi, pitisha misumari minene iliyokatwa vichwa, bana hadi kesho yake. Kunoa kuwe kwa kinoo chenye maji. Grenda itakirudishia moto na ugumu wote uondoke.

Ukishakatia ndimu, kioshe, kikaushe papo hapo, kipake mafuta ya nazi. Kwa hewa hii ya bahari, kisu kilicholala na maji kinaamka na kutu.