Jinsi ya Kufuatilia Urithi wa Cheo cha Kilodi cha Uingereza

Ukitaka kujua cheo cha Duke au Earl kimemfikiaje aliyenacho leo, usianze kwa kupanga majina. Tafuta kwanza hati ya kifalme iliyokianzisha, na ndani yake tafuta maneno yanayotaja warithi. Mara nyingi utakuta "warithi wa kiume wa mwili wake", yaani wana, wajukuu na vitukuu wa ndoa halali, kwa mstari wa wanaume watupu. Binti harithi, wala mwana wa binti. Mtoto wa kuasili naye hayumo.

Sasa chukua karatasi tufuate cheo cha Marlborough. Nakipenda kwa sababu kinafunza karibu kila kitu. Malkia Anne alimfanya John Churchill kuwa Duke mwaka 1702. Mwaka uliofuata mwanawe, kijana aliyekuwa akisoma Cambridge, alikufa kwa ndui, na hakubaki mwana mwingine. Kwa kawaida cheo kingezikwa na baba. Bunge likatunga sheria, 1706, kuwaruhusu mabinti zake na vizazi vyao. Kwa hiyo Churchill alipofariki 1722, binti mkubwa Henrietta alikishika cheo kwa haki yake mwenyewe, si kwa kuolewa na Duke. Mwana wa Henrietta alimtangulia kaburini; mama alipofariki 1733, cheo kilikwenda kwa mpwa wake Charles Spencer, mtoto wa mdogo wake Anne. Anayefuata jina la ukoo peke yake hupotea papo hapo, kwa maana Churchill amegeuka Spencer.

Ndiyo maana nasisitiza uandike hata waliokufa kabla ya zamu yao. Hao ndio wanaoeleza kwa nini mstari umepinda.

Tenganisha pia mrithi asiyeweza kuondolewa, kama mwana wa kwanza, na yule anayesubiri tu hadi azaliwe wa karibu zaidi. Winston Churchill alikuwa wa aina ya pili: baada ya baba yake kufariki 1895, yeye ndiye aliyefuata kwa binamu yake, Duke wa 9 wa Marlborough, mpaka Duke huyo alipopata mwana mwaka 1897.

Mstari ukikatika, usifunge daftari. Mtu mmoja huweza kubeba vyeo kadhaa, kila kimoja na hati yake. Duke wa 9 wa Portland alipofariki 1990, cheo cha Duke, cha mwaka 1716, kilikoma. Lakini cheo cha Earl wa Portland, cha 1689, kilikuwa cha baba wa Duke wa kwanza. Basi panda hadi kwa huyo baba, kisha shuka kwa watoto wa mke wake wa pili. Huko ndiko alikopatikana Earl wa 11.

Cheo kilichokataliwa hakijafa. Mwanasiasa Tony Benn alikikataa cha Viscount Stansgate kwa sheria ya 1963, lakini kukataa huko kulimhusu yeye tu; alipofariki 2014, mwanawe mkubwa alikirithi.

Kwa wa leo, malizia kwa kulinganisha na Daftari rasmi la Malodi, lililoanzishwa 2004. Mrithi asiyethibitisha haki yake haandikwi humo, na asipoandikwa hatambuliwi kwa cheo hicho katika nyaraka za serikali, hata kama damu ni yake.