SOMO: Kupanga historia ya uchaguzi ya jimbo la Rae Bareli, India, bila kuchanganya wabunge

Mwezi huu nimeulizwa mara nne: "Indira Gandhi alikuwa mbunge wa Rae Bareli mpaka lini?" Na kila aliyeuliza alikuja na jibu lisilo sahihi alilolikuta kwingine. Naandika hatua zote hapa, ili anayekuja kesho nimwelekeze huku.

Nimechagua Rae Bareli, iliyoko Uttar Pradesh, kwa sababu karibu kila mtego wa historia za majimbo ya India umo ndani yake. Nikisema "jimbo" nina maana ya jimbo la uchaguzi tu.

Hatua ya 1. Hakikisha unasoma jimbo la Lok Sabha, bunge la taifa. Kuna Rae Bareli nyingine ndogo ya bunge la Uttar Pradesh, mojawapo ya matano yaliyomo ndani ya hili kubwa.

Hatua ya 2. Chukua ripoti za takwimu za Tume ya Uchaguzi ya India, uchaguzi mmoja baada ya mwingine.

Hatua ya 3. Chora safu: mwaka, mshindi, chama, aliyemfuata, tofauti ya kura. Mwaka 1957 utakuta washindi wawili, Feroze Gandhi na Baij Nath Kureel. Waandike wote. Wakati huo baadhi ya majimbo yalikuwa na wabunge wawili, utaratibu uliofutwa kwa sheria ya 1961.

Hatua ya 4. Tafuta chaguzi ndogo. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni taratibu. Jedwali langu la kwanza nililijaza kwa washindi wa chaguzi kuu peke yake: Indira 1967 na 1971, Raj Narain 1977, Indira tena 1980, Arun Nehru 1984. Nikaunganisha miaka, nikaandika kwamba Indira aliiwakilisha Rae Bareli mpaka alipouawa Oktoba 1984. Wanafunzi wangu wakanakili, na wengine wakaenda nalo kwenye mtihani. Si kweli. Mwaka 1980 aligombea majimbo mawili, Rae Bareli na Medak (wakati huo ndani ya Andhra Pradesh), akashinda yote mawili, akabaki na Medak. Rae Bareli ikafanya uchaguzi mdogo mwaka uleule, akashinda Arun Nehru. Siku Indira alipopigwa risasi Delhi, alikuwa mbunge wa Medak.

TAHADHARI: ripoti ya uchaguzi mkuu haikuonyeshi uchaguzi mdogo uliofuata. Kwa kila jina jiulize, huyu alimaliza muhula? Feroze Gandhi alifariki Septemba 1960, kiti kikajazwa kabla ya 1962. Sonia Gandhi alijiuzulu 2006 kwa mzozo wa kushika cheo kingine cha serikali, akarudi mwaka huohuo kwa uchaguzi mdogo. Rahul Gandhi mwaka 2024 alishinda Rae Bareli kwa tofauti ya kura 390,030, akashinda na Wayanad kule Kerala, akabaki na Rae Bareli. Uchaguzi mdogo wa Wayanad akaushinda dada yake, Priyanka Gandhi Vadra.

TAHADHARI nyingine: usiandike "kiti wazi" mwaka 1975. Nimeliona kosa hili mara nyingi mno. Mahakama ilitengua ushindi wa Indira wa 1971, lakini kiti hakikuwahi kutangazwa wazi.

Hatua ya 5. Chama kiandike kama kilivyo kwenye ripoti. Raj Narain wa 1977 utamkuta chini ya Bharatiya Lok Dal (BLD), ingawa kila mtu anasema chama cha Janata. Janata ndiyo kwanza imeungana, ikagombea kwa alama ya BLD. Acha hivyo, weka maelezo pembeni.

Hatua ya 6. Piga mstari kabla ya 1977 na kabla ya 2009. Chaguzi hizo zilitumia mipaka mipya.

MASWALI

Mpiga Mbizi: Mkuu, mbona Santosh Gangwar hayumo? Ameshinda huko miaka na miaka.

Mleta somo: Huyo ni wa Bareilly. Hapa ni Rae Bareli. Miji miwili, majimbo mawili.

Kijana wa Chuo: Boss weka jedwali zima hapa, natakiwa kuwasilisha kesho asubuhi.

Mleta somo: Hatua ya 2.

Mzee wa Ukweli: Somo lako halina uwiano. Hatua moja aya tatu, nyingine mstari. Halafu hiyo ni ngome ya familia moja, ya Nehru na Gandhi, unatafuta nini cha zaidi?

Mleta somo: Mzee wangu, nimerefusha palipo na hatari. Na kuhusu ngome: 1977 Raj Narain alimshinda Indira, Waziri Mkuu aliye madarakani, palepale, kwa kura 55,202. Mwaka 1996 na 1998 alishinda Ashok Singh wa chama cha BJP. Ndiyo maana nasema jazeni jedwali kwanza.

Bint Shangani: Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba 1971 Indira alimshinda Raj Narain kwa kura zaidi ya laki moja. Sasa mahakama ilitengua nini, kama pengo ni kubwa hivyo?

Mleta somo: Marahaba binti yangu, swali zuri. Pengo lilikuwa 111,810. Mahakama Kuu ya Allahabad haikusema kura ziliibwa. Tarehe 12 Juni 1975 Jaji Jagmohanlal Sinha alimkuta na makosa mawili ya kampeni: kumtumia Yashpal Kapoor akiwa bado mtumishi wa serikali, na maofisa wa Uttar Pradesh kumwandalia majukwaa na umeme wa vipaza sauti. Kwa sheria yao hayo yanatosha, hata ukishinda kwa mbali. Akazuiwa kugombea miaka sita. Tarehe 24 Juni Mahakama ya Juu ikasimamisha hukumu kwa masharti: abaki Waziri Mkuu, lakini asipige kura bungeni. Kesho yake ikatangazwa hali ya hatari. Novemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaurudisha ushindi wake, wakati bunge limeshabadili sheria yenyewe ya uchaguzi. Kwa hiyo kwenye jedwali lako andika Indira 1971 hadi 1977 bila kukata, kisha maelezo yote haya chini.

Bint Shangani: Ahsante sana. Na ile tofauti ya kura za Rahul, magazeti ya kule yanaiandika 3,90,030. Nilidhani wamekosea kuchapa.

Mleta somo: Hawajakosea. Mkato wao wa pili unakaa kwenye laki, na neno letu laki limetoka kwao. Soma kwa Kiswahili, laki tatu, tisini elfu na thelathini, utaona mikato inaangukia pale unapovuta pumzi. Ukiingiza kwenye kompyuta ondoa mikato yote kwanza, la sivyo programu inaweza kuisoma namba kama maneno na jumla haitatoka.