Meza yenye taa na wadudu wa ziwani
Kwa mkazi wa Mwanza anayemwagiza fundi seremala meza ya sebuleni yenye droo na taa za LED chini ya kioo, ni vyema kuchagua utepe wa volti 12 wenye mwanga wa njano, Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hadi 3000, kwa kuwa mwanga mweupe unaoelekea ubuluu huvuta zaidi wadudu wa ziwani, ambao asubuhi huonekana wamelala chini ya kioo kama pumba, na kuwatoa humo si kazi ndogo. Adapta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa nyumbani kuwa volti 12, isifungiwe ndani ya mbao bila matundu ya hewa, kwani hupata joto. Umeme ukikatika, utepe huohuo unaweza kuwashwa kwa betri ya sola ya volti 12, mradi fyuzi ifungwe karibu na betri.