Namna ya kutamka majina ya Kichina, na jina la Kiingereza linapofaa

Ukiuza mabondo ya sangara Mwanza, au ukiwa fundi kwenye reli ya Mwanza–Isaka, siku moja utashika karatasi yenye jina kama XU ZHIQIANG. Wengi husoma "Ksu Zikiangi", wakashindwa, kisha wakaishia kumwita mwenye jina "Mchina". Huko ni kumvunjia mtu heshima bure, kwa sababu sehemu kubwa ya sauti zinazotakiwa tayari tunazo kinywani.

Anza na mpangilio. Kwa Wachina jina la ukoo hutangulia: Xu ni ukoo, Zhiqiang ni jina lake mwenyewe. Mcheza kikapu Yao Ming ni Bwana Yao, si Bwana Ming. Koo nyingi ni za silabi moja, na zinazoongoza kwa wingi ni Wang, Li, Zhang, Liu na Chen. Chache, kama Ouyang, zina silabi mbili. Mwanamke akiolewa hubaki na ukoo wa baba yake, hivyo mke wa Bwana Xu usimwite Bi Xu kabla ya kumuuliza.

Sasa herufi. Tahajia ya herufi za Kilatini inayotumika China ni Pinyin, iliyopitishwa mwaka 1958, nayo imezipa baadhi ya herufi kazi tofauti na tulizozoea. Ndiyo maana waziri mkuu wa China aliyezuru Tanzania mwaka 1965 utamkuta kwenye vitabu vya zamani kama Chou En-lai na kwenye vipya kama Zhou Enlai. Mtu ni yuleyule.

Tulichambue jina letu polepole. X ni "sh" nyembamba: ncha ya ulimi ikae nyuma ya meno ya chini, midomo uivute kama unayetabasamu. U ya Xu si "u" yetu. Tamka "i" ya "kiti", ulimi usiusogeze hata kidogo, kisha viringa midomo kama unayetaka kusema "u". Sauti inayotoka ndiyo yenyewe, na hutokea kila u inapofuata j, q, x au y. Zhi: anza na "j" huku ncha ya ulimi umeikunja juu kuelekea kaakaa, halafu ibakize hapohapo sauti ikiendelea, "i" ya kawaida haipo. Qiang: q ni "ch" nyembamba, ulimi chini kama kwenye x, kwa hiyo inakuwa "chyang'".

Hapo mwisho ndipo tunapokosea zaidi. Ng ya Kichina ni ng' ya "ng'ombe", na ukifika hapo unanyamaza. Sisi tumezoea kufunga neno kwa irabu, ndiyo maana Wang huwa "Wangi" na Zhang huwa "Zangi". Sema "wang'", nyamaza, basi.

Mengine ni mepesi. C ni "ts", hivyo Cai ni "tsai". Z ni "dz". Tian husomwa "tyen", Liu "lyou", Sun "swen". H ina mkwaruzo wa "kh" ya "kheri", ila hafifu. Kwa e ya ukoo He, tamka "o" ya "moto" kisha legeza midomo bila kusogeza ulimi. P, t na k hutoka na pumzi: weka kipande cha karatasi mbele ya midomo, kwenye "pa" kitikisike, kwenye "ba" kitulie.

Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana, ni nne, na Pinyin ya kwenye pasi haizionyeshi. Xu yenye toni inayopanda ni ukoo mmoja, na Xu yenye toni ya chini ni ukoo mwingine kabisa. Aliyekulia Kisukuma au Kihaya ana faida hapa, maana lugha hizo zina toni. Asikilize na kuiga mpando na mshuko, asikazie silabi ya pili kutoka mwisho kama tufanyavyo kwenye Kiswahili.

Kuhusu Jack, Lucy na Kevin: wengi hupewa majina haya na mwalimu wa Kiingereza shuleni, au hujichagulia wenyewe ili kuwarahisishia wageni. Tajiri Jack Ma, kwa mfano, ni Ma Yun. Mtu akijitambulisha kwa jina hilo, mwite hivyo, ndilo alilolitaka. Asipolitaja, usimwombe wala usimbatize. Uliza ukoo wake kwa adabu, "Nin guixing?", yaani "nin gwei-shing'", kisha mwombe akutumie jina lake kwa ujumbe wa sauti, ulirudie mpaka akubali.

Kwenye malipo na mikataba, jina la Kiingereza liweke kando. Kwa watu wa China bara kwa kawaida halimo kwenye pasi, ingawa wa Hong Kong wengi huwa nalo kwenye kitambulisho. Fomu zetu zikidai majina matatu, usiipasue Zhiqiang ukaandika Zhi jina la kwanza na Qiang la kati. Ni jina moja, na benki ikilinganisha na pasi itakurudishia fomu. Ukoo wa Lü kwa kawaida huandikwa LYU kwenye pasi, basi nawe andika kama pasi ilivyo.