Somo: kuzalisha kuku wa mayai ya bluu, kijani na zeituni, ili swali hili lisinirudie tena

Nimejibu swali hili mara nyingi mno, na kila mara nimelijibu vipande vipande: leo habari ya jogoo, kesho habari ya rangi, keshokutwa mtu analalamika kwamba vifaranga wake wamekua na kutaga mayai ya kahawia kama ya jirani. Safari hii naandika yote mahali pamoja. Atakayeniuliza tena bila kusoma nitamrudisha hapa, na asione kwamba nina kiburi.

Kwanza, rangi yenyewe. Ganda la yai la kuku kwa asili ni jeupe, na juu ya weupe huo kuna rangi mbili tu. Ya kwanza ni biliverdini, ambayo ni ya bluu na huingia katika unene wote wa ganda, ndiyo maana ukivunja yai la bluu na kubandua utando wa ndani utakuta bluu hata huko ndani. Ya pili ni protopofirini, ambayo ni ya kahawia na hupakwa kwa juu katika saa za mwisho kabla yai halijatagwa; kwa hiyo yai la kahawia, hata likolee kiasi gani, ndani yake ni jeupe. Kijani si rangi ya tatu. Ni ganda la bluu lililopakwa kahawia nyepesi, na zeituni ni ganda hilohilo lililopakwa kahawia nzito.

Bluu hutokana na jeni moja yenye kutawala, jambo ambalo Reginald Punnett alilieleza mwaka 1933, na mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba chanzo chake ni kipande cha virusi vya kale kilichojipachika katika vinasaba vya kuku. Mtetea akiwa na nakala moja tu ya jeni hiyo, atataga bluu au kijani. Kahawia ni habari nyingine kabisa: hutokana na jeni nyingi, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo. Kwa maneno mengine, bluu ipo au haipo, lakini kahawia ina viwango. Asiyeielewa tofauti hii asiendelee na hatua ya kwanza. Airudie aya hii.

Hatua ya 1: Tafuta wazazi wa aina safi. Kwa bluu kuna Araucana, wenye asili ya Chile, Ameraucana wa Marekani, na Cream Legbar waliotokana na kazi iliyofanyika Cambridge, Uingereza. Kwa kahawia iliyokolea kuna Marans wa Ufaransa, Penedesenca wa Katalunya, na Welsummer na Barnevelder wa Uholanzi. Kwa weupe, Leghorn anatosha. Tahadhari moja kuhusu Araucana: jeni inayowapa vishungi vya masikioni huua kifaranga ndani ya yai akiirithi kutoka kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo usiwapandishe wawili wenye vishungi halafu ukailaumu mashine yako ya kutotolesha.

Hatua ya 2: Amua rangi unayoitaka kabla ya kununua jogoo. Bluu safi, yaani kuku mwenye nakala mbili za jeni ya bluu, kwa bluu safi hutoa bluu. Bluu safi kwa nyeupe hutoa bluu nyepesi kwa mitetea wote. Bluu safi kwa kahawia hutoa kijani kwa wote, na ukitumia Marans mwenye mayai yaliyokolea kweli, baadhi watakaribia zeituni mara moja. Ukitaka zeituni nzito, mchukue mtetea huyo wa kijani umrudishe kwa jogoo wa Marans. Hapo nusu ya mitetea utakaowapata watataga zeituni na nusu watataga kahawia tupu. Hiyo nusu ya pili haina namna ya kukwepwa, na watu wengi hukata tamaa hapa kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema.

Hatua ya 3: Mjue jogoo kwa ndugu zake wa kike na binti zake. Jogoo hatagi, lakini hutoa nusu ya urithi. Yai alimotoka humwonyesha mama yake tu.

Hatua ya 4: Watenge mitetea na usubiri siku 28. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo hapa nitakaa.

Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo ndani ya mrija wake wa mayai, na anaweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa wiki mbili, wakati mwingine hata tatu, baada ya jogoo kuondolewa. Mimi nililijua jambo hili kwa kulisoma, lakini sikuliheshimu. Nilikuwa na mitetea wa Marans waliokaa na jogoo wa Welsummer. Nikamwondoa, nikamwingiza jogoo wa Ameraucana, na baada ya siku sita nikaanza kukusanya mayai ya kutotolesha kwa sababu mashine ilikuwa tupu na sikutaka ikae hivyo. Vifaranga walipoanguliwa, mitetea walikuwa kumi na mmoja. Wanne kati yao walikuwa na upanga wa kichwani uliosimama wenye meno kama msumeno, ilhali Ameraucana safi huwapa watoto wake wote upanga mfupi uliolala, wenye matuta matatu kama punje za njegere zilizopangwa. Ushahidi ulikuwa juu ya vichwa vyao kila siku nilipowapa chakula, nami nikajiambia kwamba panga hubadilika kadiri kuku wanavyokua. Hazibadiliki. Miezi sita baadaye nilinyanyua yai la kwanza kutoka kiotani, bado la moto, nikakuta la kahawia lenye madoa madogo ya kahawia iliyoiva kwenye ncha butu, yai la Welsummer bila shaka yoyote. Mbaya zaidi, pora niliyemchagua awe baba wa kizazi kilichofuata, kwa kuwa manyoya yake yalinivutia, naye alikuwa na upanga wa msumeno. Kosa la siku chache likanigharimu miaka miwili.

Kwa hiyo: ondoa jogoo wa zamani, andika tarehe kwenye daftari wala si kichwani, na usiweke yai hata moja kwenye mashine kabla ya siku 28 kutimia. Mayai ya kipindi hicho yaliwe tu. Jogoo mpya anaweza kukaa na mitetea katika muda huo, lakini kuwapo kwake hakufupishi hesabu. Pia hakikisha wavu kati ya mabanda hauna mwanya, kwa sababu jogoo mmoja aliyeruka asubuhi moja anatosha kukurudisha siku ya kwanza.

Hatua ya 5: Kusanya mayai. Andika kwa penseli namba ya mtetea na tarehe; yasizidi siku saba, ncha nyembamba ikielekea chini.

Hatua ya 6: Totolesha. Nyuzi 37.5 kwa mashine yenye feni, siku 21, geuza mpaka siku ya 18.

Hatua ya 7: Watie alama siku ileile wanapoanguliwa. Wavishe pete za miguuni, na uzibadilishe kabla hazijabana. Jeni ya bluu na jeni ya upanga wa njegere zimekaa jirani katika kromosomu moja, na huachana mara chache tu, takriban 3 hadi 5 katika kila 100. Kwa hiyo, kama bluu yako imetoka kwa Ameraucana au Araucana na mzazi wa upande mwingine ana upanga wa msumeno, basi katika uzao wa kurudisha kwa Marans vifaranga wenye upanga wa njegere ndio karibu wote walioibeba bluu. Hii ndiyo njia pekee ya macho ya kumchagua pora kabla hajakomaa. Haifanyi kazi kwa Cream Legbar, ambao wana bluu pamoja na upanga wa msumeno.

Hatua ya 8: Subiri, kisha hukumu. Usiamue kwa yai la kwanza. Angalia mayai kumi ya mtetea mmoja, katika mwanga wa mchana.

Maswali ya wanachama

Kifaranga Mpya: Somo zuri sana mkuu. Je, nikiwapa kuku wangu wa kawaida majani mabichi kwa wingi, mayai yatabadilika kuwa ya kijani?

Hapana. Majani hubadilisha kiini. Ganda hufuata urithi.

Mpenda Bluu: Nina jogoo aliyetoka kwenye yai la bluu kabisa, nimeliona kwa macho yangu. Naomba unithibitishie kwamba binti zake wote watataga bluu.

Siwezi, na hatua ya tatu imeeleza sababu. Yai lile ni la mama yake. Kama mama alikuwa na nakala moja tu na baba hakuwa nayo, basi jogoo wako ana nusu ya uwezekano wa kuwa nayo.

Mwanagenzi: Nashukuru kwa maelezo. Kutokana na jibu hilo, ningependa kujua kama ipo njia ya uhakika ya kutambua kama jogoo ana nakala mbili, bila kubahatisha kwa miaka mingi.

Hili ni swali nililokuwa nikilingoja, ndugu yangu. Mpandishe jogoo huyo kwa mitetea wanaotaga mayai meupe au ya kahawia, wasio na bluu kabisa, kisha wakuze binti zake. Binti mmoja tu akitaga bila bluu, shauri limekwisha: jogoo hana nakala mbili. Wakitaga bluu au kijani wote watano, uwezekano kwamba ana nakala moja na amebahatika tu ni 1 kati ya 32; wakiwa saba, ni 1 kati ya 128. Mimi huridhika na saba. Zipo pia maabara zinazopima jeni hii kwa unyoya au damu, na kwa mwenye jogoo mmoja wa thamani kipimo hicho ni nafuu kuliko kulisha binti saba kwa miezi sita.

Jogoo la Shamba: Nimefuata hatua zako zote nimepata kahawia tatu kati ya nane. Afadhali ungesema kwamba njia hii haina uhakika.

Ulisubiri siku ngapi baada ya kumwondoa jogoo wa kwanza?

Jogoo la Shamba: Kama siku kumi hivi. Nilidhani 28 ni kwa wanaotaka usahihi wa maabara.

Basi hukufuata hatua zote. Ulifuata saba kati ya nane, na ile uliyoiacha ndiyo niliyoiandikia aya tatu.

Mama Zeituni: Mwalimu, mtetea wangu alianza na zeituni nzito ajabu, lakini sasa, baada ya miezi mingi ya kutaga, yai linaelekea kijani cha kawaida. Je, amepoteza urithi?

Hajapoteza chochote, dada. Kahawia hupungua kadiri msimu wa kutaga unavyoendelea, na bluu iliyo chini yake ndiyo inayoanza kuonekana zaidi. Akishabadilisha manyoya na kupumzika, yai la kwanza la msimu mpya litakolea tena, ingawa mara nyingi halifikii lile la ujana wake. Ikiwa rangi imepotea ghafla ndani ya siku chache, hilo ni jambo tofauti: chunguza kama wana mafua, kwa sababu bronkaitisi ya kuambukiza hufifisha ganda na kulikunja, na chunguza pia chakula, maana nikabazini, dawa ya koksidiosi (ugonjwa wa utumbo wa kuku) iliyokusudiwa kuku wa nyama, ikiingia kwenye chakula cha mitetea hulifanya yai la kahawia kuwa jeupe.

Mwanagenzi: Samahani kwa kurudi. Nilichukua yai la kijani nikaliloweka katika siki, na baada ya muda nikalifuta kwa kitambaa. Kahawia ilitoka na bluu ikabaki. Je, ndivyo ilivyotakiwa?

Ndivyo hasa, na wala usiombe samahani. Siki huyeyusha tabaka la juu, na kahawia huondoka nalo. Kwa njia hiyo unaweza kuona kama bluu ya mtetea wako ni nzuri au imekuwa ikifichwa na kahawia. Jaribu pia yai la Marans. Utashangaa kuona weupe uliokuwa chini ya rangi ya chokoleti.

Mama Zeituni: Kumbe ndiyo sababu mayai yangu ya Marans huchubuka nikiyaosha?

Ndiyo, hasa yakiwa mapya na bado yana unyevu. Yasugue kidogo tu na rangi itabaki kwenye kidole. Ya kutotolesha usiyaoshe kabisa, badilisha matandiko ya kiota mara kwa mara. Na kwa kuwa umewataja Marans: ganda lao lililokolea huzuia mwanga, kwa hiyo usilitupe yai siku ya saba kwa kuwa hukuona mishipa. Limulike tena siku ya kumi na nne, katika giza kamili, kwa tochi kali iliyobanwa kwenye ncha butu, na utazame kama chumba cha hewa kimetanuka na kama kivuli kilicho chini yake kinatikisika.