Kabla hujalipia nyumba ya likizo pwani: maneno ya kwenye tangazo na maana yake mfukoni

Tangazo la malazi ya likizo huwa fupi: picha ya bahari, bei, na herufi mbili tatu kama PPS au HB. Bei yenyewe imejificha kwenye hizo herufi. Watu wawili wanaweza kusoma tangazo lile lile la Diani, mmoja akapanga bajeti ya shilingi 27,000 na mwingine 94,500, na chanzo cha tofauti yote hiyo kikawa neno moja.

Bei ya kichwa au ya chumba?

Hili liwe swali lako la kwanza kila mara. Nyumba na apatimenti kwa kawaida hutozwa nzima kwa usiku mmoja. Hoteli nyingi za pwani ya Kenya hutangaza kwa PPS, yaani bei ya mtu mmoja anayelala chumba kimoja na mwenzake. Ukienda peke yako hulipi PPS tupu. Unaongezewa kwa sababu kitanda cha pili kimelala bure.

Chukua familia ya baba, mama, mtoto wa miaka 13 na wa miaka 7, hoteli ya PPS 9,000, usiku 3. Asiyejua husema 9,000 mara 3, 27,000. Sasa hesabu halisi: wazazi wawili ni 18,000. Tuseme hoteli inahesabu mtoto kuwa mkubwa akifika miaka 12, basi wa miaka 13 ni 9,000 kamili. Wa miaka 7 analipa nusu, 4,500. Jumla 31,500 kwa usiku, 94,500 kwa usiku 3. Umri wa kulipa nusu na wa kulala bure hutofautiana kila mahali, kwa hiyo taja umri wa kila mtoto. Ukisema tu "watoto wawili" hujasema kitu.

Uliza pia kama VAT imo. Kenya ni asilimia 16, Tanzania Bara kwa kawaida 18. Ile 9,000 ikiwa bila VAT, Kenya inakuwa 10,440. Zanzibar kuna pia tozo ya serikali ya kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi hudaiwa mapokezi hata kama chumba ulishakilipia mtandaoni. Na kama una kitambulisho cha nchi za Afrika Mashariki au kibali cha ukaazi, omba bei ya wakazi kabla ya kuweka nafasi. Ukiiomba ukiwa umeshalipa bei ya wageni, huenda usiipate.

BB ni kulala na chai ya asubuhi. HB inaongeza mlo mmoja mkuu, kwa kawaida wa usiku. FB ni milo mitatu. Hapa watu wengi huumia: HB na FB kwa kawaida hazihesabu vinywaji, hata maji ya chupa mezani yanaweza kuingia kwenye bili. AI, yaani kila kitu ndani, ndiyo yenye milo na vinywaji, lakini uliza vinywaji gani, na mpaka saa ngapi.

Usiku, siku na saa

"Siku 3 usiku 2" maana yake unaingia Ijumaa na kutoka Jumapili. Unalala mara mbili, basi. Kuingia huwa kuanzia saa 8 mchana na kutoka saa 4 asubuhi, kwa hiyo hizo siku tatu ukizikata pembeni zinabaki kama mbili. Ukipewa saa kwa ujumbe, hakikisha ni saa za Kiswahili au za Kizungu. "Check-out saa 10" imeshawaacha watu wakioga huku msafishaji anagonga mlango.

Tarehe ina mtego wake. Pwani, usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Kwa programu ya simu, usiku wa Ijumaa unaanza Ijumaa jioni. Na ukifika kwa ndege au basi saa 7 usiku wa kuamkia tarehe 19, chumba unachohitaji ni cha tarehe 18. Ukiweka 19, utasubiri mpaka saa 8 mchana ukikaa juu ya begi.

Arabuni, amana, na pesa isiyorudi

Pesa hizi tatu huitwa zote "dipoziti", na ugomvi mwingi unaanzia hapo. Arabuni ni sehemu ya kodi unayotanguliza ili nafasi ishikwe. Inakatwa kwenye jumla. Amana ni ya uharibifu: unaiweka juu ya kodi, na inarudi ukiondoka bila kuvunja kitu. Ya tatu ni bei ya punguzo ambayo hairudishwi hata ukighairi dakika tano baadaye. Ukiombwa dipoziti, uliza ni ipi kati ya hizi, na jibu lije kwa maandishi.

Masharti ya kughairi yasome kwa siku: mpaka siku ngapi kabla ya kuingia inarudi yote, na baada ya hapo nusu au sifuri. Msimu wa Krismasi na Agosti masharti hukaza, na wengi hudai usiku 5 au 7 kwa uchache. Aprili na Mei, masika yakiwa yamekolea, bei hushuka na mwenye nyumba yuko tayari kuzungumza.

Ukikodi kupitia Airbnb, mtandao wa kukodi nyumba, mwenye nyumba hulipwa saa 24 hivi baada ya muda wa kuingia, na hiyo ndiyo kinga yako. Akikwambia umtumie kwa simu ili akupunguzie, kinga imekwisha. Ukilipa moja kwa moja kwa lipa namba au till, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Jina likiwa tofauti na ulilopewa, usilipe.

"Unajipikia" na "umeme juu yako"

Nyumba nyingi za Watamu, Malindi na Diani huja na mpishi. Kwa kawaida mshahara wake umo kwenye kodi lakini sokoni unaenda na pesa yako. Uliza yote mawili, pamoja na gesi.

Umeme ukiwa juu yako, unanunua tokeni mwenyewe: luku Tanzania Bara, Tukuza Unguja. AC ya BTU 12,000 ikifanya kazi kwa nguvu huvuta karibu uniti moja kwa saa. Vyumba 3, saa 8, usiku 4: uniti 96. Piga picha mita siku ya kuingia.

"Kitanda kikubwa" kiulizie futi, tano kwa sita au sita kwa sita. "Selfu" ni chenye choo na bafu ndani.

"Ufukweni"

Neno hili lina bei kubwa kuliko yote. Mstari wa kwanza ni nyumba inayotazama bahari bila nyumba nyingine mbele. "Dakika 5 hadi ufukweni" inaweza kuwa dakika za gari. Kisha uliza maji. Paje, Jambiani na Bwejuu, kule Zanzibar, bahari hupwa ikaenda mbali sana, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa katikati ya asubuhi. Atakayetaka kuogelea baada ya chai atakuta mchanga na mashamba ya mwani. Nungwi na Kendwa unaogelea karibu saa zote. Ukitaka Paje kwa bei yake nzuri, angalia mwezi kabla ya kuchagua tarehe.

Ujumbe wa kutuma

"Tunaingia Ijumaa tarehe 18 mchana, tunatoka Jumatatu tarehe 21 asubuhi, usiku 3. Wakubwa 2, watoto wa miaka 13 na 7. Naomba bei ya mwisho ya wote kwa usiku wote 3, pamoja na VAT, tozo, usafi na umeme. Arabuni ni kiasi gani, amana kiasi gani, na tukighairi siku 14 kabla kinarudi kiasi gani?"

Ukifika, kabla ya kufungua begi, pita kila chumba na simu ikirekodi: kapeti, vioo, rimoti, sinki, godoro likiwa limeinuliwa shuka. Mtumie msimamizi video saa hiyo hiyo. Siku ya kuondoka zungukeni naye tena, someni mita pamoja, na amana iingie kwenye simu yako ukiwa bado una funguo mkononi.