Domeini za mikia mipya: namna ya kuzinunua ukauza kwa faida

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kila nikikaa barazani lazima mtu aniulize hii inshu ya domeini, yaani yale majina ya websaiti, hasa za mikia (neno la baada ya nukta) isiyozoeleka kama .tours, .surf au .villas, kwamba zinanunuliwaje na pesa inatoka wapi, basi leo naandika yote maana kuna vijana wanatia pesa ya mwani ya mama zao bila kujua wanaingia wapi, na hilo linaniuma.

Kwanza ujue domeini hununui, unapanga. Unalipa kwa mwaka, mikia mingi inakuruhusu mpaka miaka 10 kwa mpigo, usipolipa inaondoka. Ichukulie kama fremu ya duka Darajani, wewe unalipa kodi, na faida yako ni kile kilemba utakachopewa siku unamuachia mwengine. Sasa fremu ikiwa pahala hapapiti mtu, nani atakupa kilemba?

Mikia hii mipya asili yake ni ICANN, ndio wasimamizi wa mikia duniani. Mwaka 2012 walipokea maombi 1,930, kila ombi ada dola 185,000, na tokea mwisho wa 2013 ikaanza kufunguliwa kwa mamia, .africa yetu ikaja 2017. Halafu ipo mikia ya nchi inayopendwa kwa sababu ya herufi zake tu, .tv ni ya Tuvalu, .me ni Montenegro, .ai ni Anguilla, kisiwa cha watu kama 16,000, Pemba inawameza mara nyingi, lakini mwaka 2023 domeini ziliwaingizia kama dola milioni 32, zaidi ya moja ya tano ya mapato ya serikali yao. ChatGPT ilitoka Novemba 2022 na kila kampuni ya akili bandia ikataka .ai, waliofaidi ni waliokuwa nazo kabla. Wewe unaeanza leo maneno mazuri ya .ai yashachukuliwa, tena ule mkia unalipiwa miaka 2 kwa kuanzia, mie sikushauri uanzie huko. Anzia unapopajua.

Na sisi tunapajua pwani. Kabla hujalipa kaa utaje kwa mdomo biashara kumi ambazo zingelitaka hilo jina, huwezi kufika kumi liache. Neno la kabla ya nukta na mkia wake lazima visomeke kama kitu kimoja, mfano Paje watu wanakuja kuteleza baharini kwa kaiti, kwa hivyo neno la kaiti na .surf linaeleweka mara moja, Matemwe na .villas linaeleweka, lakini Matemwe na .coffee hapana, utakaa nalo mpaka uzeeke. Na usidharau mkia wa kwetu, chini ya .tz mbali na .co.tz ipo pia .hotel.tz, na wenye gesti wengi ninaokutana nao hawajui kabisa kama ipo.

Sasa hapa ndio nataka mtulie. Bei ya mwaka wa kwanza ni chambo. Mwaka 2021 niliona ofa, mkia mmoja wa mambo ya safari dola 2 tu kwa jina, nikachukua majina 9 nikajiona nimepata, mwaka uliofuata ikaja bili ya kurinyuu, yaani kulipia tena mwaka mwengine, dola 34 kwa kila moja, yaani dola 306, nikaacha 8 zikaenda zake. Kumbe bei ya kurinyuu ilikuwa imeandikwa pale pale chini kwa maandishi madogo. Kwa hivyo tafuta bei ya kurinyuu kwanza, na jina likiandikwa premiamu uliza kama hiyo bei kubwa ni ya mara moja au ya kila mwaka, maana mengine ni kila mwaka mpaka mwisho. Tena .com ina kikomo cha kupandisha kwenye mkataba wake, bei yake ya jumla ilifika dola 10.26 Septemba 2024, lakini mikia mipya haina kikomo, wanachotakiwa ni kuyapa taarifa makampuni yanayosajili siku 180 kabla. Ukisikia bei inapanda na jina unalipenda, lipia miaka mingi mapema kwa bei ya zamani.

Piga hesabu hivi, majina 10 ya dola 30 ni 300 kwa mwaka, ukikaa nayo miaka 3 ni 900, ukiuza moja tu lazima likurudishie 900 ndio uanze kuhesabu faida. Mie siku hizi sizidishi majina matano.

Mikia ya nchi nayo inafuata siasa, .yu ya Yugoslavia ilifutwa 2010, na Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya watu wengi wa kule walipoteza .eu zao.

Jina la hoteli ya mtu, benki au kampuni ya simu usiliguse. Upo utaratibu wa kugombea majina unaitwa UDRP tangu 1999, mwenye alama ya biashara anafungua kesi WIPO, shirika la dunia la haki miliki, kwa dola 1,500 na akishinda analichukua bila kukulipa hata senti. Na hata isingekuwepo hiyo kesi, kumkalia mtu jina lake umlipishe ni dhulma. Jina lililowahi kutumika lipitishe Wayback Machine, websaiti inayoweka kurasa za zamani za mtandao, uone lilikuwa la nini, likiwa la kamari au utapeli achana nalo.

Kuuza, angalia NameBio majina yanayofanana yalikwenda kwa bei gani, kisha jina lako liweke kwenye masoko ya domeini kama Sedo au Afternic na bei iliyo wazi. Kwa wenye hoteli wa huku subiri masika, Aprili na Mei wageni wachache na wengine wanafunga kabisa, ndio wanapata nafasi ya kufikiria websaiti. Nenda mwenyewe, mpe mzee shikamoo yake, muonyeshe jina kwenye simu, na kama hana pesa ya mpigo mkubaliane alipe kidogo kidogo kila mwezi huku jina likibaki kwako.

Jina jipya kwa kawaida halihamishwi kwenda kampuni nyengine ya kusajili mpaka zipite siku 60, mwambie mnunuzi mapema asije akadhani unamzungusha. Akiwa wa nje tumieni Escrow.com, kampuni inayowashikia pesa mpaka biashara imalizike, anaweka pesa kule, wewe ukishaletewa taarifa kuwa imeingia ndio unafungua kufuli la domeini na kumpa namba ya siri ya kuhamishia, si kabla, hata akwambie ndege inaondoka sasa hivi.